Vidonda vya homa mdomoni kwa mama mjamzito: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ilikuwa mwezi wa saba, Njombe, asubuhi ya baridi ile ya kutoa moshi mdomoni. Mama mmoja mwenye mimba ya miezi saba alikuwa amekaa kwenye benchi la kliniki, kanga ameivuta mpaka puani. Alipoitwa jina aliitikia kwa kichwa tu. Tulipoingia ndani akafunua: mdomo wa chini, upande wa kushoto, umevimba, malengelenge madogo matano au sita yamebanana kama punje za uwele, mawili yameshapasuka na yanatoa maji. Nilidhani ataomba dawa. Akaniuliza, "Dada, mtoto naye ameshapata?"

Mimi ni mkunga. Nimefanya kazi hii sehemu mbalimbali za Nyanda za Juu Kusini, kuanzia kwenye joto la Kyela mpaka kwenye baridi ya Makete, na swali la yule mama nimelisikia mara nyingi sana. Hapa nimeyakusanya maswali ambayo akina mama, waume zao na mama wakwe huniuliza, na majibu ninayowapa.

Hivi vidonda ni kitu gani hasa?

Ni virusi. Vinaitwa hepesi simpleksi, na vya mdomoni mara nyingi ni aina ya 1. Wengi wetu tuliambukizwa utotoni kwa busu la shangazi au kijiko kimoja walicholia watoto watatu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu bilioni 3.8 walio chini ya miaka 50, yaani asilimia 64, wanaishi na virusi hivi, na wengi hawajui.

Vikishaingia mwilini haviondoki. Vinajificha kwenye fundo la mishipa ya fahamu ndani ya fuvu, usawa wa sikio, na vinaweza kulala humo miezi au miaka. Siku mwili ukilegea, vinashuka kwa mshipa uleule mpaka mdomoni. Ndiyo maana kidonda hurudi palepale kilipotoka mwaka jana. Kwanza unasikia mahali panawasha na kuchoma, kesho yake malengelenge, kisha yanapasuka, yanafanya gaga, na ndani ya siku 7 hadi 10 yamekwisha. Wakati mwingine huchukua wiki mbili.

Visichanganywe na mkanda wa jeshi. Huo unatokana na virusi vya tetekuwanga, na mjamzito mwenye mkanda wa jeshi au tetekuwanga awahi kituoni.

Bibi anasema ni malaria imetokea mdomoni, maana yake nimepona. Ni kweli?

Bibi ameona jambo la kweli, ila tafsiri yake inaweza kukuponza. Homa yoyote, iwe ya malaria, ya mapafu, ya mkojo au mafua makali, inaweza kuviamsha virusi vilivyolala. Kwa hiyo malengelenge hutoka baada ya homa. Lakini hayaitoi homa mwilini. Malaria ikiwapo, ipo, hata mdomo ukijaa vidonda.

Hili nalisema kwa mkazo kwa sababu nimeona mama wa Kyela akikaa nyumbani siku tatu, ana homa, anatetemeka, anatulizwa kwamba "imeshatoka". Alifikishwa kituoni akiwa amepungukiwa damu vibaya. Mjamzito akipata homa anapimwa malaria siku hiyohiyo, hata kama anaishi Makete au Mufindi ambako mbu ni wachache, maana watu wanasafiri. Mdomo tutautibu baadaye.

Mtoto aliye tumboni anadhurika?

Kama umewahi kuvipata kabla ya mimba, na sasa vimerudi mdomoni, mtoto aliye tumboni hana shida. Virusi vinabaki kwenye mdomo na mshipa wake, havisambai kwenye damu mpaka kwenye kondo la nyuma. Tena mwili wako ulishatengeneza kinga zamani, na kinga hiyo inapita kwenye kondo na kumfikia mtoto. Atazaliwa akiwa na sehemu yake.

Hilo ndilo jibu nililompa yule mama wa Njombe. Akaishusha kanga, kwa mara ya kwanza asubuhi ile.

Hatari ya kweli iko sehemu tatu: maambukizi ya mara ya kwanza kabisa mama akiwa mjamzito, vidonda vya sehemu za siri karibu na kujifungua, na mdomo wenye kidonda kumgusa mtoto mchanga. Kila moja nitaieleza.

Mbona vinanitoka mara kwa mara sasa, na hasa wakati wa baridi?

Mimba yenyewe inachosha mwili na kuishusha kinga kidogo, na juu yake kuna kukosa usingizi, kutapika na mawazo. Halafu kuna hali ya hewa yetu. Kuanzia Juni mpaka Agosti upepo wa Makambako na Njombe unakausha midomo mpaka inachanika, na mdomo uliochanika ni njia rahisi kwa kidonda.

Lakini watu wanalisahau jua. Kwa sababu kuna baridi, tunadhani jua halichomi. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na Njombe ni karibu mita 2,000, na kila ukipanda mita 1,000 ile miale ya jua inayounguza ngozi huongezeka kwa takribani asilimia 10. Mama anayepalilia viazi Uporoto kuanzia asubuhi mpaka saa nane mchana, kichwa wazi, anaunguza midomo yake bila kujua. Miale hiyo ni mojawapo ya vichochezi vikubwa vya vidonda hivi.

Watu wameanza kuninong'ona kuwa nina Ukimwi. Kidonda hiki ni dalili yake?

Kidonda cha homa kinachotoka na kukauka ndani ya wiki mbili hakithibitishi kitu hicho. Mtu mwenye VVU hukipata, na asiye na VVU hukipata vilevile.

Najua kwa nini swali hili lina uchungu kwetu. Katika utafiti wa kitaifa wa 2022–2023, maambukizi ya VVU kwa watu wazima yalikuwa asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, wakati wastani wa Tanzania ulikuwa asilimia 4.4. Kila familia imezika. Kwa hiyo jirani akiona mdomo umechubuka, macho yake yanakimbilia huko. Naomba tuache kupimana kwa macho. Kipimo kipo kliniki, bure, na kila mjamzito hupimwa pamoja na mwenzi wake.

Kidonda kinachopita mwezi mzima bila kupona, au kinachozidi kupanuka, hicho ni kingine. Kinaweza kuonyesha kinga imeshuka sana, kwa hiyo usikifiche. Na kama tayari unatumia dawa za kufubaza VVU, endelea nazo bila kukosa siku, kwa ajili yako na ya mtoto.

Asiklova ya kupaka ni salama kwa mjamzito?

Ndiyo. Krimu ya asiklova ya asilimia 5 inapakwa mara 5 kwa siku, kila baada ya saa 4 ukiwa macho, kwa siku 4 au 5. Dawa inayoingia kwenye damu kupitia mdomo ni kidogo mno. Nawa mikono kabla na baada, tumia pamba au kidole safi, gusisha taratibu bila kusugua. Tyubu ni ya mtu mmoja. Dada yako naye akiwa na kidonda, anunue yake.

Niseme ukweli kuhusu nguvu yake: inapunguza muda wa kuumwa kwa siku moja hivi, na inasaidia zaidi ukianza pale panapowasha, kabla malengelenge hayajachomoza. Ukianza kupaka juu ya gaga kavu, umepoteza hela. Kidonda kitapona chenyewe hata usipopaka kitu zaidi ya vaselini.

Na vidonge je?

Vidonge vya asiklova navyo vimetumika kwa wajawazito kwa miaka mingi. Kuanzia 1984 mpaka 1999 kulikuwa na rejista iliyofuatilia wajawazito waliotumia dawa hii, wakiwamo zaidi ya 700 walioitumia miezi mitatu ya kwanza, na ulemavu wa kuzaliwa haukuongezeka. Mwaka 2010 utafiti wa Denmark uliopitia watoto zaidi ya 837,000 waliozaliwa hai ulifikia jibu hilohilo, kwa asiklova na kwa dawa ndugu yake, valasiklova.

Hata hivyo mwenye kidonda kimoja mdomoni hahitaji vidonge. Tunavitoa vidonda vikiwa vingi, vikiwa vya kwanza maishani, au vikirudi kila mara. Dozi ya kawaida ni miligramu 400 mara 3 kwa siku kwa siku 5, lakini mwenye figo dhaifu hupangiwa nyingine, kwa hiyo daktari au mkunga akuandikie. Nenda na kadi yako ya kliniki. Ukivitumia, kunywa maji ya kutosha.

Asali, shubiri, limao, dawa ya meno, majivu. Kipi kinafaa?

Asali nzuri, ya Mufindi au ya kwingineko isiyochakachuliwa, ipake bila wasiwasi. Inalainisha na inazuia bakteria. Ila asali usimpe mtoto chini ya mwaka mmoja, hata tone, na ukiwa unanyonyesha mtoto mchanga usimsogelee na mdomo wenye asali.

Utomvu wa shubiri mwitu unaweza kupaka juu ya ngozi. Kuunywa ukiwa mjamzito hapana, unaharisha na unaweza kusumbua mji wa mimba.

Limao, chumvi, spiriti, dawa ya meno na majivu vinaunguza. Unachokisikia kinachoma ni nyama yako, virusi havijali. Halafu kidonda kinakuwa kikubwa na kinaacha baka.

Sasa lile linaloniumiza: unga wa kapsuli. Watu wanafungua rangi mbili na kunyunyizia kwenye kidonda, wengine wanameza kabisa. Mdogo wangu mwenyewe, mimba ya miezi mitano, aliuziwa doksisaiklini kwenye duka moja la dawa "ikaushe mdomo". Hakuulizwa kama ni mjamzito. Bahati alinipigia simu kabla hajameza. Doksisaiklini na tetrasaiklini zinaharibu meno na mifupa ya mtoto anayekua tumboni, na antibaiotiki yoyote haina la kufanya kwa virusi. Ukiingia dukani, neno la kwanza baada ya salamu liwe "mimi ni mjamzito", hata kama tumbo bado halijaonekana.

Zile krimu za mchanganyiko zenye steroidi, ambazo watu hupaka kwa kila upele, msipake kwenye kidonda cha homa. Zinaishusha kinga ya ngozi na kidonda kinasambaa.

Maumivu yakinizidi ninywe nini?

Parasetamo. Diklofenaki na ibuprofeni uziache, hasa kuanzia wiki ya 20, kwa sababu zinaweza kuathiri figo za mtoto na kupunguza maji ya uzazi, na baadaye kuathiri mshipa mkubwa karibu na moyo wake. Kitambaa safi kilicholowa maji baridi nacho kinatuliza.

Vyangu ni pembeni mwa mdomo, nikipiga mwayo panachanika. Ni hivihivi?

Huenda sivyo. Pembe za mdomo zinazochanika pande zote mbili bila malengelenge mara nyingi ni fangasi, au upungufu wa madini ya chuma na vitamini B. Kwa mjamzito hilo ni la kawaida. Waombe wapime wingi wa damu, na vile vidonge vya kuongeza damu unavyopewa kliniki uvimeze kweli. Nimekuta pakiti zima chini ya godoro.

Sijawahi kuugua hivi maishani, na sasa mimba ina miezi minane.

Wewe njoo leo. Maambukizi ya kwanza huja kwa nguvu: homa, koo kuuma, tezi za shingo kuvimba, vidonda kujaa hadi kwenye fizi na ulimi, mtu anashindwa kunywa hata uji. Mwili hauna kinga bado, na mtoto naye hana ya kurithi. Kwa nadra sana, miezi ya mwisho, virusi huingia kwenye ini la mama, na hapo dawa ni ya kwenye mshipa hospitalini. Homa kali, manjano machoni, maumivu juu ya tumbo upande wa kulia, kuchanganyikiwa: usilale nyumbani.

Hata kwa mwenye vidonda vya zamani, jicho likiwa jekundu na linauma mwanga ukilimulika, nenda hospitali siku hiyohiyo. Virusi hivi vinaweza kupofusha.

Mwenye kidonda ni mume wangu. Tufanyeje?

Asikubusu mpaka gaga lidondoke na ngozi iwe nzima. Msichangie kikombe, kijiko, mswaki wala taulo. Na kwa kuwa tumekubaliana kuongea kama watu wazima: mdomo wenye kidonda usiguse sehemu zako za siri. Virusi vya mdomoni vinahamia huko, na maambukizi mapya ya sehemu za siri miezi mitatu ya mwisho ndiyo tunayoyaogopa kuliko yote, maana mtoto anapita hapo.

Baba, hii haina maana kwamba ulitoka nje. Yawezekana ulivipata ukiwa na miaka minne.

Nitajifungua kawaida?

Kwa kidonda cha mdomoni, ndiyo, kawaida kabisa. Mwambie tu mkunga anayekupokea.

Kama una au uliwahi kuwa na malengelenge sehemu za siri, sema mapema. Hutupwi nje wala husimangwi. Kuanzia wiki ya 36 unaweza kupewa asiklova kila siku ili visichomoze siku ya uchungu. Vikiwapo uchungu unapoanza, upasuaji unamkinga mtoto, na kwa huku kwetu hilo lina maana ya kupanga safari mapema. Anayeishi kijijini Ludewa hawezi kuanza kutafuta gari saa nane usiku kwenda hospitali yenye chumba cha upasuaji.

Naweza kunyonyesha nikiwa na kidonda mdomoni?

Nyonyesha. Maziwa hayabebi virusi hivi. Nawa mikono kwa sabuni kila unapomshika, vaa barakoa au funika kidonda kwa plasta, na usimbusu mpaka kipone. Usimtafunie chakula wala usilambe chuchu bandia kuisafisha. Kidonda kikiwa kwenye titi lenyewe, upande huo usimnyonyeshe mpaka kipone. Kamua na umwage maziwa yanayoweza kuwa yamegusa kidonda, na umnyonyeshe upande mzima.

Wageni wanakuja kumtazama mtoto, na mama mkwe ana kidonda. Namwambiaje?

Hapa ndipo mama wengi wanashindwa, kwa heshima tu. Mama mkwe amepanda basi Tukuyu, kabeba ndizi na kuku, ana hamu na mjukuu. Lakini mtoto wa siku kumi hana ulinzi, na kama mama yake hajawahi kuwa na virusi hivi, hakurithi kinga yoyote.

Mimi huwafundisha hivi. Salamu kwanza, "Shikamoo mama, za safari." Mkaribishe, apate chai. Kisha: "Mama, mkunga amenikataza, mwenye kidonda mdomoni asimbusu mtoto, hata mimi mwenyewe. Tunawe mikono, nikupe umpakate." Lawama nitupieni mimi mkunga, nazibeba kwa moyo mmoja. Afadhali zaidi baba wa mtoto aseme na mama yake kabla hajapanda basi.

Na mgeni asiye na kidonda? Virusi hutoka hata mdomo ukiwa mzima, japo kwa uchache. Kwa mwezi wa kwanza au miwili, usoni na mikononi asibusiwe na mtu.

Nifanye nini ili visirudi?

Hakuna chanjo. Kofia pana au mtandio unaoukinga uso na jua shambani, mafuta ya mdomo yenye kinga ya jua ukiyapata, vaselini asubuhi na jioni msimu wa upepo. Lala. Nasema hili nikijua kazi zilivyo, ndiyo maana nalisema mbele ya mume. Chandarua kila usiku na dawa za kuzuia malaria unazopewa kliniki, maana homa isipokuja, kidonda nacho kina sababu moja pungufu. Vinavyorudi mara nyingi mno, daktari anaweza kukupa vidonge vya kuzuia.

Nilimbusu mtoto kabla sijajua. Ana siku sita.

Usijilaani. Kama wewe umekuwa ukivipata tangu zamani, mtoto ana kinga yako, na uwezekano wa kuugua ni mdogo. Ugonjwa huu kwa watoto wachanga ni nadra, kama mtoto 1 kati ya 10,000 duniani, lakini ukitokea unaua haraka au unaharibu ubongo, kwa hiyo tunamwangalia kwa macho mawili kwa wiki nne hadi sita.

Mvue nguo mahali penye mwanga umtazame ngozi yote, hasa kichwani, machoni na mdomoni, kama kuna lengelenge hata moja. Angalia kama ananyonya vilevile. Mtoto anayekataa ziwa, anayelegea, anayelala kupita kiasi, mwenye joto kali au mwili wa baridi, anayeshtukashtuka au kupumua kwa shida, apelekwe saa hiyohiyo, usiku ni usiku. Matibabu yapo: asiklova ya mshipani kwa siku 14 au 21, na ikianza mapema inaokoa.

Homa ya mtoto mchanga ina sababu nyingi, na wahudumu wanaweza wasiifikirie hepesi kama hawakuona kidonda chako, ambacho huenda kimeshakauka. Kwa hiyo beba kadi yake, na mhudumu wa kwanza utakayemkuta mlangoni mwambie: "Mtoto ana siku sita, na mimi mama yake nilikuwa na kidonda cha homa mdomoni."